Waombolezaji wa Bi Sijali

Jumanne, jioni

Nyafwono wa Kisoko yu hai. Habari hii imethibitishwa leo asubuhi na mhusika mwenyewe, akiwa amekaa barazani kwake anachambua karanga. Alisema, "Mimi iko. Andika hivyo."

Nimeandika.

Mvua ya jana imeacha tope jekundu na hewa nyepesi. Nimerudi Busia na viatu vizito na kichwa kilichotulia kuliko kilivyokuwa jana. Nataka kuyapanga mambo haya kabla hayajageuka hekaya, maana hapa mpakani habari ikivuka upande wa pili hurudi ikiwa imevaa nguo nyingine.

Nianze na kitabu.

Kwa muda sasa mimi ni mmoja wa watu wanaosoma riwaya moja inayotolewa mtandaoni, sura moja kila Jumamosi. Mwandishi hajitaji jina. Tuna ukurasa wetu wa wasomaji, wengine wa Busia ya Uganda, wengine wa Busia ya Kenya, wachache wa Malaba na Tororo. Wengi ni watu wa sokoni. Husoma kwenye simu wakingoja mteja, kisha hugombana. Nimeripoti kampeni za uchaguzi zilizokuwa na adabu zaidi kuliko ugomvi wetu juu ya nani alichoma ghala katika sura ya tisa.

Mtu tunayempenda wote ni Bi Sijali. Ni mwanamke mzee anayetembeza vyungu kati ya vijiji viwili visivyosalimiana. Anauza chungu hapa, anasikia neno, analibeba hadi kule, analitua polepole. Hana cheo. Bila yeye riwaya nzima ingekuwa na kurasa kumi na mazishi mengi.

Mwandishi hakueleza uso wake ulivyo. Aliyetupa uso huo ni Athieno.

Athieno ana kibanda cha kupiga picha za pasipoti karibu na mpaka, upande wa Uganda. Wateja wakipungua huchora kwa kidole kwenye kioo cha simu. Michoro ya mashabiki imo kwenye kila ukurasa wa vitabu, na mingi ni ya wasichana wenye macho makubwa. Yake si hivyo. Bi Sijali wake ana pengo la meno ya mbele, mvi zilizoanzia upande mmoja, na kilemba kilichofungwa kama mtu aliyekifunga huku akitembea. Mara ya kwanza nilipouona mchoro huo nilirudi kuisoma sura upya, na maneno yaleyale yalikuwa na sauti.

Hatukujua kwamba uso ule una mwenyewe. Ni wa Nyafwono, waya wake Athieno, yaani shangazi yake upande wa baba. Ndiye aliyemlea. Athieno hakuwahi kumwambia kwamba anamchora. Ameniambia aliona haya, kisha michoro ikawa mingi, na haya ikawa kubwa kuliko michoro.

Jumamosi iliyopita sura ya mwisho ilitoka. Bi Sijali alikufa.

Watu walilia. Siandiki kwa kutia chumvi. Mama mmoja muuza dagaa alituma sauti yake akilia, na nyuma yake mteja anauliza bei.

Sasa aingie Barasa. Ni msomaji mwenzetu wa upande wa Kenya, mcheshi, mkarimu, na ana kibanda cha kuchapisha. Huchapisha kadi za harusi, mabango ya wagombea, na zaidi ya yote matangazo ya vifo. Anazo fremu tayari kwenye mashine yake: ukingo mweusi, mshumaa kila upande, na chini maneno yasiyobadilika, kwamba mazishi yatafanyika nyumbani kwa marehemu na ndugu wote wanaombwa kufika. Yeye huweka picha na jina tu. Jumapili baada ya ibada aliuchukua mchoro mzuri kuliko yote ya Athieno, akaufanya uonekane kama picha ya studio, akauweka ndani ya fremu. Aliandika: Mama yetu mpendwa, Bi Sijali. Akatutumia.

Ilikuwa heshima. Kila mtu aliiweka kwenye simu yake ili wengine waione, kama tunavyofanya kwa kila msiba huku.

Kufika jioni ilikuwa imetoka mikononi mwa wasomaji. Mpwa mmoja wa Nyafwono anayefanya kazi Malaba aliiona kwenye simu ya mwenzake, akapiga yowe. Jina halikumtia shaka. Hapa mtu ana jina la ubatizo, jina la ukoo na jina la sokoni, na hakuna anayeyajua yote matatu. Uso aliujua. Mshumaa aliujua. Alipiga simu Molo, kwa ndugu wa ukoo, Molo wakapiga kwingine. Nyafwono mwenyewe hana simu tangu ile yake ianguke ndani ya sufuria ya kunde, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumpigia kumuuliza kama amekufa.

Sehemu inayofuata inanihusu.

Kazi yangu ni kuuliza nani, wapi, lini, na nani kasema. Jumapili jioni niliiona picha ile ikipita, nikaandika chini yake, "Nenda salama, mama yetu." Nilimaanisha mtu wa kitabuni. Lakini watu wananijua kwa kazi yangu. Mzee mmoja wa Molo ameniambia leo, bila ukali, kwamba yeye alikataa kuamini hadi alipoona jina langu hapo chini.

Nimekaa na sentensi hiyo tangu mchana.

Jana asubuhi simu ilinijia kutoka kwa mtu nisiyemjua, akiuliza jeneza linapita njia gani. Nikamuuliza jeneza la nani. Aliponitumia picha nilielewa yote kwa pamoja, kama mtu aliyekalia miwani yake. Nilimchukua Athieno kibandani, tukapanda pikipiki mbili, tukaenda Kisoko, kijijini kwa shangazi yake. Pikipiki yake ilitangulia. Shingo yake ilikuwa imekakamaa.

Tulichelewa. Kilichotokea kabla hatujafika nimesimuliwa na watu watatu, na wanakubaliana.

Ndugu wa Molo walifika mapema, wanawake mbele, wakilia kama desturi inavyotaka, tangu mwanzo wa njia. Nyafwono alikuwa shambani anang'oa karanga. Akasikia kilio kinatoka nyumbani kwake. Alitupa jembe, akakimbia, naye akaanza kulia, kwa sababu kilio kikiwa kwenye boma lako hungoji kuelezwa. Alifika, akajipenyeza katikati ya waombolezaji, akajiunga nao. Akalia vizuri tu. Kisha akamshika mkono mwanamke wa pembeni yake, akamuuliza ni nani amekufa.

Mwanamke yule alikaa chini palepale kwenye tope.

Leo Nyafwono amenisimulia upande wake. "Mimi nauliza nani nakufa. Wao naniangalia tu. Nauliza tena. Nasema, basi kama ni mimi, mniambie, niache kulia."

Waombolezaji hawarudishwi na njaa. Hiyo ni sheria kuliko sheria. Kwa hiyo tulipofika tulimkuta marehemu amejifunga kanga kiunoni anawapikia watu waliokuja kumzika: ugali wa wimbi na muhogo, na kunde zilizoungwa kwa karanga. Alikuwa akiwafokea kwamba wamekuja wengi na kuni hawakuleta. Wengine walikuwa bado wanafuta machozi huku wanamenya muhogo.

Palikuwa pia na swali la mtu aliyeliliwa akiwa hai. Kaka yake mkubwa, Mzee Obbo, alisema lazima damu imwagike ili kilio kisikae bure. Katekista alisema sala inatosha. Walishindana kidogo, kisha jogoo akachinjwa, naye katekista akamwombea jogoo huyohuyo. Kila upande uliridhika, isipokuwa jogoo.

Mpaka hapo ungeweza kucheka, na watu walicheka. Kisha Mzee Obbo alimwita Athieno mbele ya wote.

Alinyoosha mkono, akapewa simu ya msichana. Akasema michoro yote itafutwa, yote, ile ya zamani na ile mpya, na kwamba msichana hatachora tena uso wa mtu wa ukoo huu. Alisema kwa Kiswahili, nadhani ili sisi wageni tusikie: "Uso wa mtu hapana shamba. Wewe nalima tu bila kuuliza mwenyewe?"

Niliona neno lake lina uzito. Sikupenda, lakini niliona. Baadaye tu ndipo nilipojua kwamba mzee huyu alikuwa ametoka Molo akilia njia nzima, kwa sauti, mtu wa umri wake, na alipofika dada yake ndiye aliyemuuliza kuna nini. Hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeonekana akilia.

Athieno hakujitetea. Alisema, "Ndiyo, baba," akainamisha kichwa. Mzee akaitia simu mfukoni mwake.

Ukiacha ule mmoja wa tangazo, michoro ile haipo mahali pengine ila kwenye simu hiyo na kwenye ukurasa wetu, na ya ukurasani Athieno angeweza kuifuta kwa kidole kimoja. Jana usiku nilifikiria hilo kuliko nilivyotaka. Msichana yule hajawahi kuonyesha kazi yake popote pengine. Hakuna aliyemfundisha, hakuna anayemlipa. Amekaa na picha za pasipoti, ambazo sharti lake la kwanza ni mtu asicheke, na pembeni amejijengea mahali ambapo uso mmoja unaruhusiwa kufanya kila kitu.

Leo mzee aliitisha kikao ili tushuhudie ufutaji. Barasa alivuka mpaka mapema, amebeba sukari na majani ya chai kama mtu anayekwenda matangani, maana hakujua nini kingine hubebwa. Aliomba msamaha akiwa amesimama. "Mama, mi nilijaza tu fremu. Mkono umezoea. Hata sikusoma yale maneno ya chini." Nyafwono akamwambia akae, na kwamba ameambiwa mishumaa ilikuwa mizuri.

Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alisema yeye hajaziona hizo picha. Kila mtu amemwona amekufa isipokuwa yeye.

Mzee Obbo alisita, akatoa simu mfukoni, akampa Athieno afungue.

Nyafwono aliitazama michoro mmoja mmoja. Ilichukua muda mrefu, na mtu wa kwanza aliyejaribu kuongea alinyamazishwa kwa kiganja. Kwanza alitoa makosa: kilemba chake yeye hufungia kushoto, hapa kimefungiwa kulia. Mikono umeipa unene. Hili pengo, sawa, hili ni langu.

Akafika kwenye mchoro mmoja, Bi Sijali amerudisha kichwa nyuma anacheka hadi vyungu vimeinama upande. Akauliza, huyu nacheka nini?

Athieno ilibidi aeleze. Kueleza kicheko kile lazima ueleze ugomvi wa mbuzi, na kuueleza ugomvi lazima uanze na vijiji viwili na ghala. Alianza kwa sauti ya chini, Kiswahili na Kidhopadhola cha nyumbani vikipishana. Karibu na katikati aliinua kichwa. Wanawake waliokuwa wakichambua karanga walisogeza vikapu karibu. Barasa alimkosoa mahali pamoja kuhusu ghala, wakagombana kidogo, kama tunavyogombana mtandaoni, na ilikuwa ajabu kuyasikia yale kwa sauti za watu. Mzee Obbo aliuliza nani alichoma. Alikuwa ameuliza kabla hajajizuia.

Hadithi ilifika kwenye kifo, na hapo Athieno akaishia.

"Sasa mimi nakufa na nini?" Nyafwono akauliza.

Athieno alitikisa kichwa. Hakuweza.

Yule mama alimtazama. Sitajifanya najua alichokiona. Kisha akamgeukia kaka yake, akasema kwa utulivu wa mtu anayepanga kazi ya shamba: "Hakuna kufuta. Kwanza mimi nasikia vile nakufa. Kama nakufa vibaya, nafuta mwenyewe."

Mzee alisema amri ilikwisha kutolewa. Akajibiwa kwamba maiti haiamriwi. Watu walicheka, na yeye, baada ya kupigana nacho, kicheko kikamtoka puani.

Simu haikurudi mfukoni mwake.

Kabla hatujaondoka Nyafwono alitaka jambo moja zaidi: achorwe hapo hapo, yu hai, kwa jina lake, picha ipelekwe kila mahali ule mshumaa ulikokwenda. Athieno alimchora barazani na karanga mapajani. Kilemba kikafungiwa kushoto. Barasa akaombwa fremu. Alitafuta kwenye simu yake kwa aibu inayozidi. Alizokuwa nazo ni za vifo, za wagombea na za harusi. Akachagua ya harusi, yenye maua na pete mbili.

Mzee Obbo aliitazama kwa makini. "Kesho wanakuja na ng'ombe," akasema.

Picha hiyo nimeiweka kwenye ukurasa wangu jioni hii, na chini yake nimeandika nani kaniambia, wapi na lini.

Sijui mama yule ataamua nini. Kifo cha Bi Sijali kimeandikwa vizuri, lakini si kifo chepesi, na sijawahi kumsomea mtu kifo chenye uso wake. Ameshanionya nisiruke mahali na nisimpunguzie.

Amri ya kufuta imesimamishwa. Kifo kitasomwa Jumamosi, saa nane mchana, Kisoko, na msomaji ni mimi.