Maua ya Leso Yako kwenye Kiti cha Bwana

Milimani, Kisumu
Jumatano, mvua inanyesha

Mke wangu Wakesho, Mama Mkawasi,

Salamu zangu zikukute umekaa jikoni, si shambani, maana nataka uisome barua hii ukiwa umetulia. Mkawasi hajambo? Kile kikohozi kimemwacha? Na goti la mama linasemaje na baridi ya huko? Mimi mwili wangu mzima, nakula, nalala, malaria haijanirudia tangu ile niliyokuandikia. Ila moyo, Wakesho, moyo hauna raha.

Nakuandikia mbio kwa sababu moja. Nyambu wa reli ameshika njia kuja huko likizo. Atapitia kwanza kwa kaka yake Nairobi, na naomba Mungu huyo kaka amchinjie kuku wawili watatu amkalishe, barua hii imtangulie. Akifika Wundanyi atakwambia mumeo amepata mwanamke Kisumu, tena anambeba kwenye gari la tajiri wake. Atakwambia ameona kwa macho yake. Na kweli kuna kitu ameona. Sasa nisikilize mimi kwanza. Ukitaka kunitukana baadaye, nitukane, lakini uwe umesikia yote.

Nilikwambia gari la Bwana Injinia lilikuja kwa meli kutoka kwao, na viti vyake ni vya ngozi, rangi ya maziwa. Ambalo sikukwambia ni kwamba ndani ya viti viwili vya mbele mna nyaya, na pembeni kuna swichi. Ukiiwasha, kiti kinapata moto. Kiti! Kwao maji yanaganda barabarani, kwa hivyo mtu akiingia garini asubuhi anapashwa makalio kama chapati. Siku Bwana aliponionyesha nilicheka mpaka na yeye akacheka. Kisumu hii, ambako unakaa kivulini na jasho bado linakutiririka mgongoni, nani atajiwashia moto chini yake? Nikajisemea, hiki kiti kingepelekwa kwetu mwezi wa saba ukungu ukishuka, mama asingetoka ndani yake mpaka mahindi yakomae.

Kazi yangu zaidi ni kungoja. Bwana anasimamia mitambo ya maji huko ziwani, upande wa Dunga. Nampeleka asubuhi, yeye anaingia kwenye mabomba yake, mimi nabaki garini mpaka atakapotoka. Wavuvi wa pale ni watu wema. Wananiita Jataita, yaani Mtaita, siku nyingine wananipa samaki wao wa ngege mbichi bure nikapike. Lakini wakishanisalimu wanarudi kwenye Kijaluo chao na vicheko vyao, na mimi nabaki na usukani. Bwana huketi nyuma. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa cha Madam, na Madam alirudi kwao, joto lilimshinda. Basi kile kiti kinashinda kitupu, kutwa nzima, na mimi nakitazama.

Siku moja mvua ilinyesha kutoka ziwani mpaka vioo vikaingia ukungu kama wa kwetu. Upweke ukanishika vibaya. Sijui kwa nini, nikawasha moto wa kile kiti cha pembeni. Baadaye nikaweka mkono. Wakesho, kilikuwa na joto kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Kama vile umeshuka kununua ndizi na unarudi.

Nicheke tu. Bora ucheke.

Tangu siku hiyo nikawa nakuja na leso yako. Unakumbuka stesheni ya Voi, ile doti mpya uliyonunua sokoni ikakaa jikoni wiki nzima, ukaipasua katikati kwa meno mbele ya watu wote, ukanipa kipande kimoja na kingine ukajifunga? Sikuwahi kuifua. Niliikunja sandukuni vile vile, maana ilikuwa bado na harufu ya moshi wa jikoni kwetu. Basi tukifika Dunga, Bwana akishaondoka, naitandika leso kwenye kile kiti, nawasha moto kidogo, nakaa. Saa nyingine nakuhadithia. Nakwambia yule mvuvi mwenye kofia leo amepata samaki wakubwa, nakwambia kiboko ametoka majini akala mboga za watu. Mtu akipita karibu najifanya naimba.

Haikuwa na madhara yoyote, maana leso ilikuwa kavu. Lakini wiki iliyopita paa la chumba changu lilivuja, maji yakaingia sandukuni, nikaikuta leso imelowa chapachapa. Nikasema, si kitu, nina kiti cha moto, kitaikausha. Nikaitandika vile vile mbichi, nikawasha moto mpaka mwisho, nikaacha injini inanguruma. Bwana siku hiyo alichelewa. Najua hapo ulipo umeshashika kichwa. Wewe na kila mwanamke aliyewahi kufua mnajua leso nyekundu mpya inatoa rangi, kwamba maji yake ya kwanza ni ya chumvi, tena inalowekwa peke yake. Mimi nani aliniambia? Nguo zangu umefua wewe tangu tuoane.

Nikaiinua ile leso. Maua yote yalikuwa kwenye kiti. Yale maua mekundu ya mviringo, na pindo lake, na hata yale maneno yake unayoyajua, yamejipiga chapa kinyumenyume kwenye ngozi nyeupe, safi kabisa, kama yalichorwa na fundi.

Nikarudisha gari nyumbani nimefunika kiti kwa gunia, nikamwambia Bwana kulikuwa na matope. Nikamwita Mzee Ogutu, yule mpishi wetu wa kutoka Pap Onditi. Akafunua gunia, akaruka nyuma.

"Yawa! Jataita, hii ni nini? Hii iko na maandishi ya Kiarabu!"

"Si Kiarabu, Mzee. Ni Kiswahili kimegeuka."

"Ati kimegeuka? Hii ni dawa ya mapenzi, hii. Mwanamke gani alikaa hapa? Wewe sema tu, mimi siwezi kuambia mtu."

Ningemwambia nini? Mwanamume mzima, nywele zinaanza mvi, niseme nawasha moto wa kiti kwa ajili ya kipande cha nguo? Nikachukua sabuni ya mche nikasugua. Maua yakanitazama. Ogutu akaleta ndimu, na majivu, mwisho akaleta mafuta ya taa. Ndimu ikafanya ngozi ikawa ya manjano, mafuta ya taa yakaacha duara la kahawia, na katikati ya uchafu wote huo maua bado yamekaa, mekundu, hayana habari. Kalasinga anayeshona viti vya magari mjini alikitazama mara moja tu akatikisa kichwa. Alisema rangi imeivia ndani, hapo ni kung'oa ngozi yote, na ngozi kama hiyo Kisumu hakuna.

Jumapili Nyambu akaja kuniaga, akanikuta nimepiga magoti nasugua. Ogutu naye hawezi kushika ulimi akiona mgeni. "Angalia rafiki yako! Amebeba mwanamke, na mwanamke ameacha maua yake hapa!" Nyambu akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akaniuliza, "Ni wa hapa hapa au wa Bondo?" Nikaona aibu, nikamwambia aende zake. Na mtu akinyamaza, unajua vile watu wanavyosema. Nilikosea hapo. Ningesema ukweli wanicheke mpaka wachoke, leo nisingekuwa naandika barua hii.

Jumatatu Bwana mwenyewe akafunua gunia. Kiswahili chake ni cha kitabu, lakini siku hiyo kilimtoka vizuri. Akaniuliza, "Mwanamke huyu ni nani?" Nikasema hakuna mwanamke. Akasema, "Mwadime, mimi si kipofu. Hii ni nguo ya mwanamke. Mke wangu anarudi kabla ya Krismasi. Hiki ni kiti chake. Akiona maua haya, atamwuliza nani? Atakuuliza wewe? Ataniuliza mimi!"

Hapo nikamwona, Wakesho. Uso wote ulikuwa mwekundu, si kwa hasira tu. Alikuwa na hofu, hofu ile ile iliyonibana mimi kwa ajili ya Nyambu. Wanaume wawili tumesimama uani, kila mmoja anamwogopa mke aliye mbali.

Basi nikamwambia. Nikaenda chumbani nikaleta leso, nikaitandaza juu ya alama zake, ua kwa ua. Nikamweleza stesheni ya Voi, na doti uliyoipasua, na upweke, na moto wa kiti, na harufu ya moshi. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akaweka kiganja chake pale kwenye kiti, akakiacha hapo muda mrefu, hata Ogutu akaona haya akaingia jikoni.

"Mimi pia," akasema. Hakumalizia.

Baadaye akaniita, akasema hivi. Kiti hakitabadilishwa. Lakini anataka wewe uje hapa kabla Madam hajarudi, uje na kile kipande cha pili, na Madam akifika uviweke viwili pamoja mbele yake aone vilitoka doti moja. Anasema hiyo ndiyo itamwokoa yeye. Amenipa chumba cha karibu na jikoni, kina paa zima na dirisha, si kile changu cha kuvuja, na nafasi ya wewe na Mkawasi ipo. Tiketi zenu za gari moshi atazilipia yeye, mtazikuta Voi kwa jina lako.

Najua ulikataa mara ya mwisho. Ulisema hutaki mbu, hutaki kukaa kwenye uwanja wa watu usiojua lugha yao, na nani atamtunza mama. Sikukulaumu. Mbu wapo kweli, sitakudanganya. Lugha nami bado inanishinda. Kuhusu mama, nimemwandikia kaka mkubwa aje alale nyumbani mpaka tuzungumze vizuri. Yaliyobaki ni wewe. Nyambu akifika na maneno yake, mtolee kile kipande chako, mwambie hayo ndiyo maua aliyoyaona, na mwanamke aliyekaa kwenye kile kiti ni wewe. Usipokuja nitajua umemwamini yeye, na sitakuwa na la kukwambia tena, maana lote nimeliandika hapa.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya goti namtafutia. Msalimie kaka mkubwa na ng'ombe wake mkorofi. Shemeji fundi cherehani mwambie suruali aliyonishonea bado haijatatuka. Mwalimu wa kwaya wa kanisani kwetu mwambie huku wanaimba vizuri lakini kwa Kijaluo, kwa hivyo nafungua mdomo tu. Mkawasi mfinye shavu kwa niaba yangu, si kwa nguvu.

Karatasi inakwisha na posta wanafunga. Njoo, Mama Mkawasi. Kile kiti kinajua kupasha joto, lakini siku zote hizi hakijaniuliza hata mara moja kama nimekula.

Ni mimi mumeo,
Mwadime, Baba Mkawasi