Umeme wa Nyumba ya Mama Mdogo Gwenno

Jumatatu, 4 Machi

Bili ya umeme imekuja. Ya nyumba ya Mama mdogo Gwenno! Imeandikwa "Warithi wa Marehemu Gwenllian Parry". Niliifungua nikiwa bado na koti mwilini, nikajikuta nimekaa kwenye ngazi. Karibu nusu ya bili yetu sisi, mimi na mume wangu Emrys, na sisi tunaishi humu, tunapika, tunaoga! Kule kwake Blaenau hakuna mtu tangu tumzike Januari. Niliacha hita moja tu, ya sebuleni, kwenye kipimo cha chini kabisa, maji yasigande kwenye mabomba. Friji niliichomoa kwa mkono wangu.

Nikapiga simu kampuni. Muziki, muziki, muziki – chai ikapoa. Mwishowe akapokea kijana mmoja mchangamfu. Akaomba kuzungumza na mwenye akaunti. Nikamwambia mwenye akaunti amefariki. Akasema pole sana, mama. Halafu – sikuamini masikio yangu – akauliza atapatikana saa ngapi!

Nikasema hapatikani tena. Akasema ananiunganisha na kitengo cha marehemu. Simu ikakatika.

Kitengo cha marehemu! Emrys kacheka mpaka kakohoa. Mimi kicheko hakikuja. Yule alikuwa mama yangu mdogo, si namba ya akaunti.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimempata mwanamke, sauti ya mtu mzima, ametulia. Nikamwambia mita ni mbovu. Akasema mita haina tatizo, inawatumia hesabu yenyewe, anaiona hapo mbele yake. Umeme unapanda siku mbili tu kwa wiki: Jumanne na Ijumaa. Mchana. Kama vile hita zote zimewashwa, na jiko.

"Dada, nyumba hiyo haina mtu!"

"Basi huyo asiye mtu anapenda joto," akasema. Kisha akaomba radhi haraka.

Nywele zimenisimama. Emrys anasema labda ni vijana wanaotaka kupanda bangi ndani, chini ya taa, nyumba tupu ndizo wanazozitafuta. Bangi gani inayowashiwa jiko? Anataka tuite polisi. Nimemwambia kwanza nikaone kwa macho yangu. Jumanne naomba ruhusa kazini.

Funguo ninazo mimi peke yangu! Nani kaingia?

Jumapili, 10 Machi

Siku ya Akina Mama. Emrys alimfuata Mama kule Porthmadog, nikachoma mguu wa kondoo. Mama kala vizuri. Miaka themanini na tatu, bado analalamika viazi vyangu havikauki.

Nikaona bora nimwambie mapema kabla hajasikia kwa watu. Mama, kuna mtu anaingia nyumbani kwa Mama mdogo. Kaweka uma chini.

"Kachukua kitu?"

"Sijui. Anawasha hita. Emrys anataka polisi."

"Polisi wa nini? Mtu kaota moto tu, mnamwitia polisi?"

Nikashangaa. Tangu lini Mama akatetea kitu chochote cha nyumba ile? Zaidi ya miaka thelathini hajakanyaga. Nyumba ya wazazi wao – Mama ndiye mkubwa, lakini Gwenno ndiye aliyebaki kuwauguza, na Bibi akamwachia yeye peke yake. Mama akaapa. Hata siku ya mazishi alikataa kushuka kwenye gari. Tuliimba kanisani, tukatoka, tukamkuta amekaa vile vile, mkoba mapajani, vioo vimefunga ukungu. Sikumsemesha njia nzima.

Leo kaomba arudishwe kabla ya kitindamlo. Anasema tumbo.

Jumanne, 12 Machi

Naandika yote, la sivyo kesho nitadhani niliota.

Nilifika Blaenau mvua inanyesha, kama kawaida yake. Nyundo ya Emrys ndani ya mkoba! Mzee Idwal, jirani wa mlango wa pili, alikuwa anatoa pipa la taka. Akaniona, akasema:

"Aa, leo mmekuja wote."

"Wote nani?"

"Mimi simo," akasema, akabaki anapangusa kifuniko cha pipa.

Nikafungua mlango. Joto likanipiga usoni. Na harufu – kitunguu kinakaangwa! Redio inaongea Kiwelshi taratibu. Nikaitoa nyundo. Nikasukuma mlango wa jikoni.

Mama! Mama yangu mzazi! Amevaa aproni ya Gwenno, kijiko mkononi, amenipa mgongo. Hakushtuka hata kidogo.

"Funga mlango," akasema, "joto linatoka."

Nikafunga mlango. Akaitazama nyundo, akaniambia niiweke mezani, nisije nikajiumiza.

Ufunguo? Aliondoka nao alipoolewa. Yeye mwenyewe alidhani hautafungua. Mwezi wa pili alipanda basi, akaujaribu, ukazunguka. "Hakubadilisha kitasa," akasema. "Miaka yote ile, Nerys. Hakukibadilisha." Akarudi kwenye kitunguu chake.

Kumbe zile Jumanne na Ijumaa anazoniambia anafuma na wazee wenzake! Hakuna kufuma. Anapanda basi, anawasha hita kila chumba, anapika supu, anakaa kwenye kiti cha mbele ya dirisha mpaka basi la kurudi.

Nikamuuliza kwa nini. Nilipandisha sauti, Mungu anisamehe. Nikamwambia marehemu hasikii baridi.

Akasema nikamuulize Idwal.

Nikatoka mvuani bila koti. Mzee wa watu akaanza kulia kabla sijamaliza swali. Yeye ndiye aliyemkuta Gwenno asubuhi ile. Mimi niliambiwa moyo, amekufa kitini, hakuteseka. Kumbe alikuwa amevaa koti, kofia ya sufu, glavu, na blanketi juu yake. Hita zote zimezimwa. Maji ya glasi yana barafu juu. Ndani ya nyumba!

"Lakini mimi nilikuja Krismasi! Kulikuwa na joto!"

"Alikuwa anaziwasha ukija wewe, binti. Ukiondoka anazima. Aliogopa bili. Akanikataza nisikwambie, eti una mambo yako."

"Na Mama ulimwambia?"

"Siku ya mazishi. Nilimgongea kioo cha gari."

Basi alijua. Njia nzima ile nilipomnunia, alikuwa anajua.

Nikarudi ndani. Amenipakulia supu. Nikala. Sikumbuki ladha yake.

Jumatano, 13 Machi

Sikulala. Kazini nimemwita mgonjwa mmoja kwa jina la mwingine.

Emrys nimemwambia ni Mama. Kasema afadhali ingekuwa bangi.

Alhamisi, 14 Machi

Mama kapiga simu mwenyewe, asubuhi. Anasema bili hiyo ni yake. Niipeleke kesho Blaenau, na nyingine zote zitakazokuja. Nikamwambia hapana, italipwa kwenye mirathi. Akawaka: "Mirathi ya nani? Mdogo wangu alikufa hana hela ya kuwasha hita, na mimi nina pensheni ya baba yako imelala benki! Angeniomba ningempa. Angenitukana halafu akaniomba, ningempa!"

Kisha polepole: "Hakuwa nacho, Nerys. Ndiyo maana. Hakuwa nacho."

Nikasema sawa, Mama.

Ijumaa, 15 Machi

Niko Blaenau. Naandika juu, chumbani kwa Mama mdogo, nimekaa ukingoni mwa kitanda chake. Mama yuko chini. Nimemdanganya nakuja kutafuta mashuka.

Simu imelia tunakunywa chai. Yule mwanamke wa kampuni, mtulivu. Nikapanda nayo huku juu nisikie vizuri. Anasema wamekamilisha hesabu ya akaunti ya zamani, ile ya Gwenno mwenyewe alipokuwa hai, na ana habari njema. Ndivyo alivyosema – habari njema!

Benki ilikuwa inakata hela za Gwenno na kuwalipa wao kila mwezi kiwango kile kile, miaka miwili. Na Gwenno umeme alikuwa hautumii. Hela zikawa zinalala kwao. Zimefika zaidi ya pauni elfu moja. Watatutumia hundi.

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Nikamuuliza, kwa hiyo alikuwa ameshalipia? Umeme wa msimu mzima wa baridi, alikuwa ameshaulipia?

"Wa msimu mzima na zaidi, dada. Hakuwa anadaiwa chochote."

Nikakata simu bila kuaga. Ndani ya kabati hapa mbele yangu koti lake limetundikwa, lile la kijivu, na sitaki kujua kama ndilo alilokufa nalo.

Alikuwa nacho. Ameshalipa. Alikaa kwenye baridi na glavu mkononi, joto ni lake, ameshalinunua! Na hakuna hata mmoja aliyemwambia. Wao hawakumwambia. Mimi sikuuliza. Mwaka mzima nakuja na keki, nakula, naondoka!

Mama anaamini ni umaskini. Ndicho anachoshikilia, ndicho kinachompandisha basi. Kwamba mdogo wake alikosa, na yeye alikuwa nacho, na sasa anamlipia. Nikimwambia hili –

Ananiita. "Nerys! Ni wale wa umeme? Wamesemaje?"

Nimejibu nakuja.

Hakungoja. Nasikia ngazi. Magoti yake mabovu, anapanda mbili, anapumzika, anapanda mbili. Nimeshamwona kichwa. Kitabu cha hundi anacho mkononi, na kalamu ameishika mdomoni ili apate kushika ukuta.

Ameitoa kalamu. "Usinifiche, mwanangu," anasema. "Hata bili iwe kubwa namna gani. Nitajie tu."