Kuni Zisizo Moshi

Jumatatu, 2 Septemba 1991

Siku ya ishirini na tatu tangu nijifungue. Maji ya moto, uji wa pilipili manga, mkaja umekazwa tumboni mpaka pumzi haipiti. Mtoto ananyonya hachoki. Mimi nimechoka. Mavyaa, mama wa mume wangu, ananiotesha moto mwenyewe, hataki mtu aguse jiko. "Jifunike, upepo usikuingie." Abee, mama. Moto mzuri. Hauna moshi hata chembe, mtoto hatoki machozi.

Jumatano, 4 Septemba

Zena kaja kunitazama. Yeye mwenyekiti wa kikundi chetu cha kina mama, mimi katibu. Habari si nzuri. Alhamisi ya wiki ijayo bwana misitu na diwani wanakuja horini, mkono wetu wa bahari, kuhesabu visiki vya mikoko. Makubaliano niliyaandika kwa mkono wangu: mikoko tuichunge sisi, na kila mti ukikatwa uandikwe daftarini pamoja na jina la aliyeukata. Kikipatikana kisiki kisichoandikwa, tumeshindwa. Hapo hori apewe bwana mmoja mwenye malori, afukie ajenge. Diwani anaomba tushindwe.

Ng'ambo walishafukia. Kamba hawapatikani tena, na visima vyao vimeingia chumvi.

Zena kaona visiki vitatu vipya. Hajui ni nani aliyekata.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeokota gome kando ya jiko. Ndani jekundu. Nimelala nimegeukia ukuta. Siku zote hizi naota moto wa mikoko. Katibu mzima! Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nastarehe.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimemuuliza mavyaa. Hakuficha. "Mzazi haoteshwi moto wa makumbi ya nazi, utamjaza mtoto moshi. Mimi nimezaa saba, wote kwa mkoko. Leo mti umekuwa bora kuliko mkaza mwanangu?"

Ananipenda. Wallahi ananipenda. Na inabidi nimwandike.

Jumapili, 8 Septemba

Nimemwambia Salim. Mume wangu ni mpole lakini leo kapandisha sauti. "Mama yangu asomwe mbele ya diwani kama mwizi wa kuku?" Anataka niandike hajulikani aliyekata. Nikamwambia daftari linataka jina. Kaondoka hakula.

Jumanne, 10 Septemba

Bado sijaandika. Maziwa yamepungua. Leo moto ni wa makumbi, moshi tele. Mavyaa kafanya makusudi, najua. Macho yananiwasha, mtoto anakohoa.

Jumatano, 11 Septemba

Nimemwandika mavyaa. Visiki vitatu, Bi Mwanaisha, kwa ajili ya kumwotesha katibu. Na jina langu nimelitia chini, maana moto nimeuota mimi.

Kutoka siwezi kabla ya arobaini. Nikamwita mavyaa nikamsomea, yeye husoma Kiarabu tu, herufi hizi hazijui. Sikutaka alisikie kwa watu. Akajifunga kanga upya. Kisha: "Lete. Nitalipeleka mwenyewe."

Alhamisi, 12 Septemba

Asubuhi nzima sikio liko mlangoni. Nikawaza labda kalitupa majini.

Zena kaja mbio kunieleza. Mavyaa alimpa bwana misitu daftari mkononi. Liliposomwa, diwani akacheka: "Haya, walinzi wenyewe ndio wezi." Mavyaa akasimama. "Wewe, mama yako nilimwotesha mimi ulipozaliwa. Kwa mkoko. Sauti hiyo isiyo na moshi umeipata wapi?" Watu wakaangua kicheko. Akangoja wanyamaze. "Kosa langu limeandikwa. La wenye malori limeandikwa wapi?"

Bwana misitu kaingia matopeni na viatu vyake, kahesabu. Visiki vitatu, daftarini vitatu. Katia sahihi tuendelee mpaka mwakani. Diwani hakutia yake. Kasema kuna mkutano mwingine, tusishangilie mapema.

Mavyaa karudi, kaweka daftari juu ya kabati. Hakunisemesha.

Jumatatu, 16 Septemba

Bado. Ananikanda, ananikaza mkaja, ananipa uji. Neno hakuna. Kila siku maji ya bahari yakitoka naye hutoka, hasemi anakwenda wapi. Nimelia chooni. Ningeandika tena, lakini nimelia.

Ijumaa, 20 Septemba

Arobaini imetimia jana. Mtoto kanyolewa, ubani umefukizwa. Leo nimetoka kwa mara ya kwanza, mimi na Zena tumempeleka horini.

Mavyaa yumo matopeni mpaka magotini, anapanda miche ya mikoko. Mkaja wangu kauchana vipande vipande, kila mche kaufunga na kijiti chake. Imefika mbali, safu nzima, sikuhesabu.

Nikampa Zena mtoto, nikapinda kanga, nikashuka. Nikachukua mche nikauchomeka. Hakunitazama.

"Usiuzamishe sana, mwanangu. Utakufa."

Nikauinua kidogo.