Tarehe Uliyomchongea Mama

Saint Louis Park, Minnesota
9 Mei 2016

Kaka Mutua,

Nakusalimu kwa sababu mama alitufundisha kusalimiana hata tukiwa tumenuniana. U mzima? Watoto hawajambo? Mimi afya ninayo, na hasira pia ninayo.

Unajua kazi yangu ni kutunza wazee. Kila asubuhi kabla ya chai naandika ubaoni mambo yaliyowahi kutokea katika mji huu siku kama ya leo: daraja lilifunguliwa, mto ulifurika, kinu cha unga kiliungua. Ukikosea mwaka mmoja tu, yupo mwalimu mstaafu atakayekukosoa mpaka chakula cha mchana.

Leo nilikuwa hapo ubaoni wifi aliponitumia picha ya jiwe ulilomwekea mama kaburini. Limeandikwa tarehe kumi. Nikakupigia, ukanijibu bila haya, "Wewe uko majuu, masaa yenu yako nyuma. Umechanganya tarehe."

Mutua, mama alikata roho saa nane mchana. Huku ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, tarehe tisa ile ile. Nilikuwa kwenye simu, jirani yetu Mama Mwende akimshikia sikioni. Wewe uliyeahidi kushinda naye ulikuwa harusini Machakos. Ulifika hospitalini kesho yake, ukakuta kitanda kimeshatandikwa. Sasa umechonga siku uliyofika wewe, ili wajukuu wasome kwamba ulikuwepo. Njia ya mwongo ni fupi, kaka.

Baada ya simu nilirudi ubaoni nikaandika chini ya mafuriko: Mama yake Nduku, mtunzaji wenu, alifariki. Yule mwalimu akaniuliza mwaka gani, nikamwambia. Msimamizi akaniagiza nifute, eti ubao ni wa historia ya mji. Nikafuta, lakini wazee walikuwa wameshasoma.

Ibada ya kumbukumbu ni Jumapili. Jiwe hilo liondoke kabla watu hawajafika, la sivyo nitamwomba mchungaji awasomee barua hii.

Msalimie wifi, hana kosa. Msalimie na Mama Mwende, kama unaweza kumtazama usoni.

Jambo moja nimekuficha miaka miwili. Maneno ya mwisho ya mama yalikuwa, "Mutua akichelewa, usimgombeze." Nimemtii mpaka leo asubuhi. Alikusamehe kabla hujafika, nawe ukamlaza chini ya uongo.

Dada yako,
Nduku