Mashine Ilimkubali Kahiga

Skuta, Nyeri
9 Machi 1999

Kwako Wakonyo, mama yangu kwa jina na binti yangu kwa damu,

Hujambo huko Boston? Sisi wazima, ila baridi na haya macho, ambayo sasa hayaoni hata mwanga. Barua hii nimeipiga taipu mwenyewe kwa kupapasa, lakini zako lazima jirani Kahiga anisomee. Nimechoka kupokea maneno ya mwanangu kupitia kinywa cha Kahiga. Basi nilienda kwa ile kompyuta inayosema, ofisini kanisani, nifungue sanduku la barua pepe. Ikanisomea yote vizuri, kisha ikataka niandike herufi zilizopindwa ndani ya picha, ati nithibitishe mimi ni mtu. Picha yenyewe haikuisoma. Nilikaa pale mpaka wakafunga.

Babako

Boston
2 Mei 1999

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Presha yako inaendeleaje? Nawe Kahiga, habari yako, soma polepole.

Baba, kampuni yenye masanduku hayo ndiyo iliyoniajiri. Picha zile huzuia mashine zinazotuma barua za takataka. Nitawaomba waweke sauti ya kutaja herufi hizo. Ngoja kidogo, maana nina jambo la masikio yako peke yako.

Binti yako

Skuta
20 Juni 1999

Mama,

Habari za kazi? Goti linauma, mengine tunamshukuru Mungu. Nangoja.

Waambie wakubwa wako waulize swali badala ya picha. Mlangoni pangu sioni sura ya mtu, nauliza tu, "Umeitwa jina la nani?" Mtu wa hapa hutaja babu yake mara moja, mwizi hukwama.

Babako

Boston
14 Oktoba 1999

Baba,

U hali gani? Mimi nimechoka. Kila nikiwauliza wananijibu vipofu ni wachache, labda mwaka ujao. Siwezi kungoja tena. Kahiga, soma tu.

Nimejifungua mtoto wa kiume. Anaitwa Mathenge. Nisamehe.

Binti yako

Skuta
28 Novemba 1999

Mama,

Hujambo? Mtoto je, ananyonya vizuri?

Kahiga alifika kwenye jina akaiweka barua mezani. Kisha akasema, "Ati Mathenge? Si hiyo ni jina yako, mwalimu?" Kila mtu hapa anajua mvulana wa kwanza huitwa jina la baba wa mume. Akiitwa langu, basi mume hayupo. Niliona aibu, sitakudanganya. Nikamwambia alisome tena jina hilo. Mara ya pili lilikuwa tamu.

Jana alinipeleka ofisini akanisomea zile herufi. Mashine ikakubali kwamba Kahiga ni mtu, na sanduku langu likafunguka. Siri ya kutia ndani haipo tena, Skuta nzima imeshajua. Niandikie hivyo hivyo. Niambie analiaje.

Sasa una baba wawili.

Babako wa kwanza