Jiko ya Ndani, Nyumba Namba Saba

Siku ya Kwanza, tarehe 4, mwezi wa tano

Saa kumi na moja asubui. Nimefagia. Nimechota bidon mbili za maji. Nimeamusha binti yangu Deborah kwa masomo, amenuna sawa kila siku. Kisha nikawasha kuni mu jiko ya ndani. Mara ya kwanza kupika mu nyumba namba saba. Maragi, maharage yetu ya kila siku.

Nyumba iko mupya kabisa. Matofali ya kuchoma, manjanja ya bati inangaa, mulango na funguo yake. Miaka mitatu tulilala chini ya hema kule kambini, tangu tulikimbia kwetu Nizi. Sasa funguo iko mu pindo ya kikwembe ninachojifunga na naigusa kila wakati. Leta, serikali yetu, imejenga nyumba kumi na nane. Watu walisema Leta haitajenga hata choo. Basi wakuje waone.

Moshi. Ilianza kidogo, kisha ikajaza nyumba yote. Dirisha ya jiko iko ya kioo, ndogo sawa kaye ya mwanafunzi, haifunguke mpaka mwisho. Deborah alitoka inje anakohoa. Mimi nilibaki. Macho inatiririka machozi, nakoroga maragi kwa kiburi tupu. Nilifunga mulango ya mbele ili Masika wa namba nane asione.

Moshi ikatokea chini ya manjanja. Masika aliona. Kila mutu aliona.

Lakini maragi ilikuwa tamu.

Siku ya Tatu, tarehe 6

Nimetoka ku masomo saa saba, watoto wa mwaka wa tano wamenichosha na desimali. Nafika nyumbani, nakuta mafiga inje ya nyumba sita. Na juu ya mafiga, zile shitingi za kambi, plastiki za hema, zimefungwa ku miti. Zile tuliapa tutazichoma. Zimerudi, mama yangu wee!

Masika ndiye aliweka ya kwanza. Ni mama wa upande wa Beni, anauza mandazi, na mudomo yake haipumuzike. Moto yake inawaka asubui yote. Plafo, dari ya jiko yake, imekuwa nyeusi ndani ya siku tatu, na mutoto wake mudogo anakohoa. Masika iko na haki ya kukasirika.

Ku bomba ya maji wamama wote walisema kosa ni ya Injeniere Neema. Ule musichana hajapika hata ugali, wanasema. Alichora nyumba na kichwa yake, hakuuliza mutu.

Mimi ndiye prezida wa komite ya hizi nyumba. Wote waliniangalia. Nilitikisa kichwa. Nikabeba bidon yangu nikaenda.

Acha niandike hapa, kwa sababu hapa hakuna mutu. Mwaka jana, mbele ya kuanza kujenga, Neema alikuja kambini na plani mbili. Mu moja, jiko iko inje, nyuma ya nyumba, manjanja juu, pembeni wazi. Mu ingine, jiko iko ndani. Alinipa siku tatu niongee na wamama, kisha nimupe jibu. Sikuongea na mutu. Nilijibu palepale. Ndani! Siye hatuko watu wa pori. Tuwekee jiko sawa nyumba za wakubwa wa mujini. Alisema bado hakuna umeme, wamama watapika na kuni. Nikasema umeme itakuja. Aliniuliza mara ya pili kama niko hakika. Nilisinye karatasi, jina yangu chini yake.

Umeme haijakuja.

Na ile Neema, nilimufundisha mimi, mwaka wa tano, kule Nizi. Hesabu zake zilikuwa safi sawa sahani.

Siku ya Tano, tarehe 8

Nimepika inje. Nyuma kabisa, fasi hakuna mutu anaona. Mafiga tatu, kuni kavu. Maragi imeiva mapema, masaa mbili mbele ya kawaida. Nimeikasirikia ile maragi.

Siku ya Yenga, tarehe 10

Tumetoka ku misa, bado niko na viatu vya kanisa, Masika akaleta barua. Inaenda kwa wakubwa wa provense, kule mkoani. Inasema Injeniere alijenga vibaya, hakuuliza mutu, atoshwe, afukuzwe ku kazi. Majina kumi na saba chini yake. Fasi ya prezida iko wazi.

Nilisema Kifaransa yake iko na makosa, waniachie nisahihishe. Aka! Mwanamuke wa umri wangu anajificha nyuma ya Kifaransa.

Nilikaa na biki, kalamu yangu nyekundu. Makosa kumi na moja. Lakini kwa ile "hakuuliza mutu" sikupata kosa ya kuandika hata moja. Biki ilisimama pale muda murefu.

Sikusinye. Sikurudisha pia. Niko muoga. Ile neno siipendi, lakini ndiyo ile.

Siku ya ine mukubwa wa provense anakuja kuona nyumba. Wanasema pesa iliyobaki itajenga mulango mukubwa wa chuma pale ku barabara, na kibao juu yake, na majina ya wakubwa waliotoa nyumba. Hatuna ukuta. Hatuna hata miiba. Ule mulango utafunga nini?

Siku ya Pili, tarehe 12

Neema alikuja na moto yake, ile pikipiki, kupima fasi ya mulango. Alinisalimu na mikono mbili, sawa zamani. "Madame." Amekonda.

Amesikia habari ya barua. Alifungua fardi yake ya karatasi kutafuta vipimo, na pale juu nikaona ile karatasi ya mwaka jana. Sinyatire, sahihi yangu, na ule mukia narefushaga ku mwisho. Aliona kama nimeona. Akafunga fardi polepole.

Alisema siku ya ine atajibu mwenyewe, nisijisumbue. Nikamukasirikia! Nikamuambia mutu mukubwa anajitetea, atoshe karatasi mu fardi aioneshe. Alijibu kwa upole kabisa.

"Madame, siwezi kusimama mbele ya watu kumunyoshea mwalimu wangu kidole."

Akapanda moto akaenda. Mimi nikabaki na ufagio mukononi. Hasira ilikuwa yangu kwa mimi mwenyewe, yeye aliipokea bure.

Mu klasi yangu iko sheria moja, tangu nilianza kufundisha. Aliyefanya asimame. Aliyesimama simupige, simutukane, tunatengeneza na tunaendelea. Aliyekaa kimya, huyo ndiye atanijua mimi ni nani. Neema anajua ile sheria. Alikuwa anakaa mustari ya mbele.

Nimeuliza watoto wangapi wasimame? Mimi mwenyewe nimekaa wiki nzima.

Siku ya Ine, tarehe 14

Imepita. Nitaandika yote.

Tulikaa inje ya namba moja, ku viti vya plastiki vya kanisa. Shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu, alifungua mukutano. Mukubwa wa provense ni mutu wa makamo, anaongea polepole, viatu vyake havijakanyaga matope siku mingi. Aliangalia shitingi moja moja. Uso ukafunga. Alisema Leta imetumia pesa mingi hapa, na siye tunapika inje sawa tungali kambini. Shitingi zote zitoke leo. Na watu wakiona nyumba ni kazi ngumu, kuna wengine kambini wanazingoja.

Masika akasimama. "Mukubwa, ingia kwangu unipikie chai. Siye tutakungoja hapa inje."

Watu walicheka mpaka shefu wa kartie akacheka. Mukubwa hakucheka. Akageuka kwa Neema. Nani alikubali hii plani?

Neema aliangalia viatu vyake. Alisema yeye ndiye alichora. Ni kweli. Lakini ni nusu ya kweli, na aliibeba yote juu ya kichwa yake, pale mbele yangu. Wamama wakaanza kelele, atoke, atoke. Nilimuona sawa alivyokuwa na miaka kumi.

Nilisimama. Sauti ilitoka, sauti ya klasi, ile inafika mustari ya nyuma.

Nilisema ni mimi. Nilisema Neema alileta plani mbili na jiko ya inje ilikuwa mu moja. Alinipa siku tatu niulize wamama, sikuuliza hata mumoja. Nilitaka watu wa mujini wakipita wasituite tena wakimbizi. Niliulizwa wamama wanataka nini, nikajibu namna mimi nataka tuonekane. Karatasi iko mu fardi, sinyatire ni yangu, iko na mukia.

Masika alibaki mudomo wazi. Tangu namujua, ilikuwa mara ya kwanza ule mudomo kupumuzika.

Nikaona basi, kama nimeisha simama, siwezi kukaa bure. Nikamuambia mukubwa ile pesa ya mulango wa chuma ijenge jiko za inje. Hakuna ukuta, mbuzi atazunguka ule mulango na atatucheka. Alisema kibao ni lazima, watu wanapaswa kujua nani alitoa nyumba. Nikasema kiwekwe ku jiko. Hakuna mutu anaangalia mulango ya barabara mara tatu kwa siku. Jiko, kila mutu anaiangalia.

Shefu wa kartie akakohoa ili asicheke. Mukubwa aliandika kitu. Alisema ataangalia. Wakubwa wanaangaliaga sana.

Neema alinisalimu tena na mikono mbili. Macho yake ilikuwa nyekundu, na hapakuwa na moshi.

Siku ya Posho, siku ya sita, tarehe 16

Komite imenitosha ku uprezida. Kura ya mikono. Masika ndiye prezida mupya. Mimi pia niliinua mukono kwa Masika, na aliniona.

Barua wameichana. Ile iko muzuri.

Ku bomba wananiachia nafasi, mita moja huku, mita moja kule, sawa niko na ugonjwa. Mwenye namba tatu alinipita bila salamu. Inauma. Inauma sana, siwezi kuandika ingine. Deborah aliniuliza kama nimepata haya. Nikamuambia ndiyo. Alinisugulia sufuria bila kuombwa.

Lakini nimekula vizuri. Wiki nzima chakula haikuwa na ladha, leo imerudi.

Siku ya Kwanza, tarehe 25

Jibu imefika! Mulango wa chuma hapana. Jiko za inje, ndiyo. Pesa haitoshe kwa kila nyumba, itakuwa jiko moja kwa nyumba mbili. Kenda. Neema anabaki ku kazi, ndiye atazijenga. Niliruka sawa mutoto, mbele ya klasi yangu, watoto wakapiga makofi bila kujua juu ya nini.

Jiko yangu itakuwa pamoja na namba nane. Na Masika. Bien sûr, kama si yeye nani?

Siku tatu sasa Masika anapita nyumba kwa nyumba. Anauliza. Upepo inatoka wapi kwako? Unapika umesimama ao umekaa? Kuni unaweka wapi mvua ikinyesha? Anaandika ku karatasi ya kufungia mandazi, makosa ni mingi, sijasema kitu. Hii kazi ilikuwa yangu mwaka jana. Siku tatu tu, nilizikataa.

Kwangu alifika wa mwisho. Alisimama ku mulango, hakuingia. Akauliza tugeuzie moto wapi. Nikasema mimi naweza kukaa upande wowote, mandazi yake ndiyo inahitaji upepo mbali. Alifikiri kidogo. Akasema hapana, aulize mutoto wake anakohoa saa ngapi, kisha tutaamua. Akaenda. Sikukasirika. Niliona kama anafanya vizuri kuliko mimi, na nilikaa chini kidogo.

Siku ya Posho, tarehe 20, mwezi wa sita

Hakuna masomo. Mvua ilipita asubui, sasa jua.

Jiko zote zimeisha. Matofali mpaka kiunoni, manjanja juu, moshi inatoka pande zote inaenda zake. Kibao wamekiweka ku jiko ya kwanza. Majina ya wakubwa imeanza kupata rangi ya moshi. Shitingi yetu ya mwisho Masika anaanikia maragi.

Mwenye kupaka rangi alitumwa na Neema kusafisha plafo za ndani, nyumba kwa nyumba. Kwangu nilimuomba aache kona moja nyeusi, juu ya meza. Aliniangalia sawa mwenda wazimu. Ameacha.

Ndiyo, meza. Nimeiweka hapa mu jiko ya ndani, chini ya ile dirisha ndogo. Kaye za watoto huku, biki nyekundu huku. Ni chumba ya kimya kuliko zote. Hapa ndipo naandika.

Naweza kusikia mafuta ya Masika inalia nyuma ya nyumba. Mutoto wake anacheka, hakohoe. Sasa Masika mwenyewe anaita, sauti inafika barabarani. Amemaliza mandazi, moto iko bado nguvu, nilete sufuria yangu kabla kuni haijaisha.

Naenda.