Natia Moyo Waogeleaji, Mwenyewe Sijui Kuogelea

Mpendwa Shangazi wa gazetini, naomba msaada wako, na kama utacheka basi cheka kwanza ndipo uendelee kusoma, maana maji yamenifika shingoni na hata bwawani sijaingia.

Mimi ni mume wa mtu na baba wa watoto wawili, kazi yangu ni kusoma mita za maji, nazunguka nyumba kwa nyumba na baiskeli, nafunguliwa geti, nachuchumaa, naandika namba, naaga, na kwa miaka kumi na minne hakuna mtu aliyewahi kunikumbatia kwa kumsomea mita. Miaka mitatu iliyopita jirani yangu, daktari wa meno, alinivuta kwenye kikundi chao cha waendesha baiskeli wa Jumamosi, watu wa kawaida tu wenye vitambi na kazi zao, wanaokwenda kilomita themanini au mia na kusema wanajifurahisha, na safari yangu ya kwanza nilibaki mkiani na mhasibu mmoja mnene aliyekuwa ameshuka kwenye baiskeli anaikokota huku analia, analia kweli, nikamwambia, "Bado kidogo tu, kaka, hiki ndicho kilima cha mwisho," akapanda tena. Shangazi, zilikuwa zimebaki kilomita kumi na nane na vilima vinne. Tulipofika alinikumbatia mbele za watu, nami nikasikia raha ambayo siwezi kukueleza.

Kuanzia siku hiyo jina langu ni Bado Kidogo, na kazi yangu kikundini ni kukaa nyuma na yule anayetaka kurudi nyumbani. Naifanya vizuri, sijisifu, hajawahi kurudi hata mmoja.

Tatizo lilianza pale walipoona baiskeli peke yake haiwatoshi, wakataka mashindano yale ya kuogelea, kuendesha na kukimbia kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kila Jumanne jioni tukawa tunakwenda bwawa la kuogelea, mwalimu wa bwawa anafundisha na mimi, taulo begani, natembea ukingoni nikifuatana na aliyechoka, nampigia kelele atoe pumzi ndani ya maji, asikaze shingo, bado kidogo, mambo ambayo nilimsikia mwalimu akiyasema na mengine nimeyasoma kwenye kijitabu. Wakiniuliza mbona siingii nasema mtu hawezi kutia moyo mdomo umejaa maji, wanacheka, yanaisha. Watu kumi na mmoja wamejua kuogelea kwa njia hii. Mimi sijui, Shangazi, sijui hata kidogo, sijawahi kuingia kwenye maji yaliyonizidi magoti.

Sasa mwezi uliopita kwenye mkutano daktari wa meno akasimama, akasema kikundi kimeona si haki mtia moyo awe anatazama tu kila mwaka, kwa hiyo wameniandikisha kwenye mashindano kama zawadi, mita mia saba na hamsini ziwani, kilomita ishirini za baiskeli, tano za miguu, na wakanipa kofia ya kuogelea ya rangi ya machungwa iliyoandikwa BADO KIDOGO. Watu wakapiga makofi. Hapo ndipo ningesema ukweli, nilikuwa nimeshasimama, mdomo uko wazi, lakini nikasikia sauti yangu inasema, "Nimeisubiri sana siku hii." Hakuna aliyeniuliza, Shangazi, nilijisemea tu.

Na kama hiyo haitoshi akasimama dada mmoja muuguzi, ndiye ninayemtia moyo kuliko wote, bwawani anamaliza mita mia nane bila kupumzika lakini ziwa analiogopa, anasema ziwani hakuna ukingo wa kushika, amejiandikisha mara mbili na mara mbili amejitoa asubuhi ya siku yenyewe. Akasema mbele ya wote, "Mwaka huu nitaingia, lakini akiingia Bado Kidogo." Makofi tena. Huyu dada huwa ananitazama sana, wiki chache kabla aliniambia, "Kaka, hilo taulo lako sijawahi kuliona limelowa," nikamjibu kwamba nalitunza.

Zimebaki wiki tano. Nimejaribu. Nimejaza beseni nikatumbukiza uso, nikafika kuhesabu tisa, mke wangu akaingia akauliza nafanya nini, nikasema nanawa. Nimekwenda bwawani mchana siku ya kazi wakati hamna watu, nikasimama ukingoni, upande wa kina kifupi, nimeshika bomba la ngazi kwa dakika arobaini bila kushuka, mpaka bibi mmoja mwenye kofia ya maua aliyekuwa anafanya mazoezi yake akaniuliza kama namsubiri mtu, nikasema ndiyo.

Nikisema ukweli, yule dada atajitoa mara ya tatu na itakuwa kwa ajili yangu, na wale wengine wataniona tapeli, nitarudi kuwa mtu wa kufunguliwa geti. Nisiposema, nitazama na kofia yenye jina langu. Nimefikiria kuugua siku ile, ndiyo maana nakuomba kama unaweza unitajie ugonjwa wa heshima unaochukua siku moja na hauhitaji vipimo.

Ni mimi,
Mkavu

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu Mkavu,

Nimecheka kwanza, kama ulivyoniruhusu. Sasa nisikilize.

Kutojua kuogelea si kosa. Mimi sijui kuendesha baiskeli, na hilo halijaninyima usingizi. Kosa lako ni ile sentensi ambayo hakuna aliyekuomba. Umezoea kumwambia kila mtu kinachomfurahisha, mpaka siku hiyo ukajiambia na wewe, na ukaamini.

Ziwani huingii mwaka huu. Hilo halina mjadala. Ziwa halisomi kofia. Ukizama, hao watu kumi na mmoja hawatagusa maji tena maisha yao yote, na mkeo atabaki anajiuliza kuhusu lile beseni.

Ugonjwa wa heshima haupo. Na katika watu wote duniani, umepanga kumdanganya muuguzi kuhusu ugonjwa. Hebu kuwa na haya kidogo.

Tena kuhusu huyo muuguzi. Soma barua yako mwenyewe polepole, kama unavyosoma mita. Mtu anayekwambia hajawahi kuona taulo lako limelowa ni mtu anayejua. Alijua hata kabla ya mkutano. Sasa jiulize kwa nini asimame mbele ya watu aseme ataingia ukiingia wewe. Kwa sababu ana hakika huingii. Mara mbili amejitoa na ameona aibu, safari hii amepata mtu wa kujitoa kabla yake. Yeye amejificha nyuma yako, wewe umejificha nyuma ya taulo, na kikundi kizima kinawapigia makofi. Sisemi ni mbaya. Anaogopa tu, kama wewe, na hakuna kati yenu aliyemwambia mwenzake.

Kwa hiyo leo ukitoka kazini usipitie nyumbani. Nenda kamngoje anapomaliza zamu, mwambie maneno matatu: "Dada, sijui kuogelea." Kisha nyamaza. Najua utatamani kuongeza kitu cha kumchangamsha. Usiongeze. Kesho nenda kwa daktari wa meno, mwambie akutoe kwenye orodha, na kofia ubaki nayo, utaihitaji. Jumamosi uwaambie wote mkiwa bado hamjapanda baiskeli. Watacheka. Waache wacheke, wana haki, umewachekesha wewe. Na mkeo mwambie usiku huu huu, huyo tayari anajua kwamba mtu hanawi uso kwa kuhesabu.

Jumanne panga foleni kwa mwalimu wa bwawa na wale wanaoanza, upande wa kina kifupi, uachie lile bomba. Mwombe muuguzi atembee ukingoni akuhimize. Ameshakusikia vya kutosha, anajua jinsi inavyofanywa.

Sasa hofu yako yenyewe, maana ile ya maji naona ni ndogo kuliko hii: kwamba utarudi kuwa mtu wa kufunguliwa geti. Mwanangu, unafikiri yule mhasibu hakuviona vile vilima vinne? Ana macho. Alipofika juu ya kile cha kwanza aliviona vyote vitatu vilivyobaki, akajua umemdanganya, na akaendelea. Hakupanda baiskeli kwa sababu ya maneno yako. Alipanda kwa sababu kuna mtu alikubali kubaki nyuma pamoja naye, na mtu huyo ulikuwa wewe, na hukudanganya ulipobaki. Hilo halihitaji kujua kuogelea.

Ila acha kusema bado kidogo pale ambapo si kidogo. Kazini hupunguzi hata tarakimu moja, na hakuna aliyekufa kwa kuambiwa namba yake.

Siku ya mashindano nenda ziwani mapema. Kama yule dada ataingia au hataingia, sijui, na wewe pia hujui, safari hii ataamua kwa kichwa chake bila kukusubiri. Akisimama ukingoni akakuuliza kama ni mbali, mwambie ni mbali, ni mita mia saba na hamsini. Halafu ubaki hapo hapo, usiende kunywa chai. Akitoka atakuwa anatetemeka kwa baridi, na atataka taulo kavu. Hilo unalo.

Shangazi